Bampa ya chuma na winchi: kuimarisha mbele ya Hilux yenye toshenibaa

Ukishafunga bampa ya chuma na winchi, Hilux ya zamani inainama mbele. Mafundi wengi hapa Kampala hukimbilia bolti ya toshenibaa, kile chuma kirefu kinachojisokota kubeba gari mahali pa springi, na kuikaza mpaka gari linyanyuke. Gari moja lililokazwa hivyo lililetwa kwangu likitoka Kaabong, kwenye ule udongo mweusi wa Karamoja, mipira inayofunika viungo vya ekseli imechanika kushoto na kulia, grisi yote imemwagika. Bolti inanyanyua gari tu. Chuma ni kile kile, na ugumu wake ni ule ule.

Hatua ya 1. Pima kabla hujafunga chochote. Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya mzigo. Kilo 100 zikikaa mita 1 mbele ya ekseli, na kati ya ekseli mbili kuna mita 3 hivi, miguu ya mbele inabeba kilo 133, kwa sababu nyuma inapunguziwa 33. Ndiyo maana nawashauri wateja wafunge winchi ya kamba ya sintetiki badala ya waya. Kila kilo pale puani ina gharama.

Hatua ya 3. Tafuta toshenibaa nene zaidi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Urefu ukiwa ule ule, unene ukiongezeka kwa asilimia 10 tu, ugumu unaongezeka kwa asilimia 46. Ukinunua ya mtumba kwenye soko la Kisekka, ifute vizuri uitazame juani: yenye ufa au kutu iliyochimba, iache.

Hatua ya 4. Inua gari, weka stendi chini ya chasisi, magurudumu yaning'inie. Hesabu nyuzi za bolti zinazoonekana, kisha legeza polepole mpaka chuma kiishiwe nguvu kabisa. Tafadhali usiharakishe hapa, kikifyatuka kinavunja mkono. Cha kushoto kisiende kulia: kila kimoja kimetengenezwa kujisokota upande wake.

Hatua ya 5. Paka grisi kwenye meno ya ncha za toshenibaa mpya, ifunge, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, litikise, ndipo upime. Rudi kwenye kimo ulichoandika. Mteja akitaka juu zaidi, mpe sentimita 2, basi. Gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka shimoni, na ukiimaliza kwa kunyanyua, boljointi (viungo vinavyoshika gurudumu) na ekseli ndizo zitakazoumia.

Hatua ya 6. Badilisha shokapu pia, zinazolingana na chuma kipya, la sivyo gari litadunda-dunda. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, na urekebishe taa. Baada ya kilomita 500 mwite mteja arudi: pima tena kimo, kaza bolti zote.