Somo: Monita za masikioni kwa mpiga besi, anza na kipira kabla ya bei

Wakuu, habari za kazi. Swali la "ninunue iyafoni gani za jukwaani, mimi napiga besi" limenijia mara nyingi hadi nimeona niandike mara moja, anayefuata nimwelekeze hapa. Napiga kanisani Dar es Salaam, na Jumamosi harusini. Kwa hiyo nazungumzia bendi za kwetu: mikisa ya kanisa, fundi mitambo wa kujitolea, umeme unaoamua wenyewe.

Nianze na aibu yangu. Jumapili ya kwanza kuvaa monita za masikioni, ibada ikaanza na besi haipo. Nasikia kucha zikigonga waya, tik tik, noti sizisikii. Nikamwashiria fundi mitambo apandishe. Akapandisha. Nikaashiria tena, akanikunjia uso. Tulipoingia sebene iyafoni ya kulia ikaanza kuteleza kwa jasho, nikaacha waya wa A ulie wazi, nikainua kidole kuisukuma. Besi ikaja yote, nzito, kama mtu kafungua koki. Nikatoa kidole, ikakauka. Nilikuwa nimetumia akiba ya miezi kununua kifaa kizuri, kumbe vipira vilivyotoka navyo kwenye boksi vilikuwa vidogo kwa sikio langu.

Hatua ya 1: Ziba sikio

Waya wa E wa besi, ukiwa wazi, ni takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Mwenye nyuzi tano, B yake ni 31. Kispika kilichomo ndani ya iyafoni ni kidogo mno kusukuma hewa ya namna hiyo kikiwa wazi. Kinaweza tu pale tundu la sikio linapofungwa kabisa, hewa iliyobaki ndani ikawa kidogo. Ukipatikana upenyo hata wa unywele, sauti ya chini inavuja, ya juu inabaki. Ndiyo maana unasikia kucha bila noti.

Kipimo ni rahisi. Cheza wimbo ambao besi yake unaijua, kwa sauti ndogo, halafu bonyeza iyafoni taratibu kuelekea ndani. Besi ikiongezeka, unavuja. Badilisha kipira, rudia. Usiridhike ukiwa umekaa kimya: fungua mdomo kama unaimba "haleluya", cheka, geuka kumtazama mpiga drams. Taya likisogea na tundu la sikio linabadilika umbo.

Na masikio yako si pacha. Mimi kushoto navaa kipira kidogo, kulia cha kati. Vipira vya sponji vinaziba vizuri kuliko vya mpira kwa watu wengi: kisokote kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kishikilie kwa robo dakika hivi kikijaze chenyewe. Ubaya wake ni jasho. Kwa joto la Dar kikitumika kila wiki kinachoka, hakirudi tena umbo lake, na hapo besi inaanza kuondoka kidogo kidogo bila wewe kujua. Nunua pakiti, si jozi moja.

Mwenye uwezo atengeneze za kupimwa sikio lake. Kipimo kichukuliwe na mtaalamu wa masikio, mdomo ukiwa wazi kidogo. Usijaribu nyumbani kwa nta wala silikoni ya dukani, utaishia hospitali.

Hatua ya 2: Aina ya kispika, na hesabu inayodanganya

Dukani utaambiwa "hii ina spika tano kila upande" kana kwamba tano ni bora kuliko moja. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ina ngozi ndogo inayosukumwa na koili, sawasawa na spika ya kawaida. Inasukuma hewa vizuri na ndiyo yenye besi ya mwilini. Ya pili ina kijiti kidogo cha chuma kinachotikiswa kwa sumaku. Hiyo ina uwazi mkubwa katikati na juu, lakini kimoja peke yake mara nyingi hakishibishi chini, ndiyo maana huwekwa vingi.

Shure SE215 ina kispika kimoja tu cha ngozi kila upande, na wapiga besi wengi wameishi nayo miaka. KZ ZS10 Pro, ambayo ni ya bei ndogo, ina vitano: kimoja cha ngozi kwa ajili ya chini, vinne vya vijiti. Zote zinafaa. Kama bajeti yako ni ndogo, chukua ya bei ya chini yenye kispika cha ngozi, pesa inayobaki iende kwenye vipira vya sponji na hatua inayofuata. Angalia pia kama waya unachomoka. Kinachokufa kwanza ni waya, na ni ujinga kutupa iyafoni nzima kwa sababu yake.

Hatua ya 3: Besi ifike kwenye mikisa ikiwa nzima

Hapa ndipo pesa inapotakiwa, na ndipo wengi tunapobania. Kuchomeka jeki ya besi moja kwa moja kwenye tundu la mikisa kunaua sauti: pikapu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za besi isiyo na betri zinahitaji kupokelewa na mlango wa upinzani mkubwa, karibu megaomu 1, na milango ya kawaida ya mikisa iko chini sana ya hapo. Matokeo ni besi butu, kama imefunikwa blanketi. Dawa ni DI boksi, kisanduku kidogo kinachokaa kati ya besi na mikisa.

Kanuni ya mtaani inatosha: besi isiyo na betri, tumia DI yenye umeme, besi yenye betri yake, DI isiyo na umeme itakufaa. Ile ya umeme huchukua volti 48 kutoka kwenye mikisa kupitia waya wa maiki, hivyo mwambie fundi mitambo awashe kitufe cha volti hizo, na akiwashe kabla hujavaa iyafoni. Nasisitiza hili kwa sababu mlio wa "paa!" unaotoka pale mtu anapowasha au kuchomoa kitu kikiwa wazi, ukiwa umeziba masikio, hauna mahali pa kukimbilia isipokuwa ndani ya kichwa chako.

Hatua ya 4: Njia yako kwenye mikisa

Omba njia yako ya oksi (njia ya pembeni ya mikisa inayokutolea mchanganyiko wako), na iwe ile inayochukua sauti kabla ya fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Ikiwa baada ya fada, kila fundi anaposhusha besi kwa ajili ya mahubiri, nawe inakushukia. Mikisa ya kidijitali kama Behringer XR18 ina oksi 6, na kila mwanamuziki anaweza kujipangia yake kwa simu. Nunueni ruta ya pembeni, msitegemee Wi-Fi iliyomo ndani ya mikisa. Ukumbi ukijaa simu 500, inapotea.

Hatua ya 5: Waya au bila waya

Jibu langu litawaudhi wapenda mitindo: mpiga besi, chukua waya. Tayari umefungwa na waya wa gitaa, unakimbilia wapi? Kifaa kidogo cha kiunoni kama Behringer P2 kinakula betri ndogo mbili na kinapokea waya wa maiki kutoka oksi. Funga huo waya sambamba na wa gitaa kwa vipande vya velkro, umemaliza.

Ukitaka bila waya, angalia masafa ya redio ya kifaa kabla ya bei. Marekani walifunga sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600 kwa vifaa vya jukwaani mwezi Julai 2020 na kuwapa kampuni za simu, na vifaa vilivyokataliwa kule vinauzwa kama mtumba kwingine. Na kwetu Afrika, eneo la 694 hadi 790 lilitengewa intaneti ya simu. Uliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA ukiwa Tanzania, au CA ukiwa Kenya, kabla ya kulipa. Jambo la pili kwenye mtumba wa Marekani ni adapta: ikiandikwa volti 120 pekee, ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia harufu kabla ya sauti.

Hatua ya 6: Panga unachosikia

Anza na ukimya. Besi yako kwanza, halafu dramu la mguu, sinea, kisha mwimbaji kiongozi. Kinanda kiwe kidogo, na kama una stereo kitupe upande mmoja, maana mpiga kinanda mwenye mkono wa kushoto mzito atakalia noti zako zote. Kwenye sebene ongeza gitaa la solo na maiki ya anayeita, kwa sababu mabadiliko yanatoka kwao.

Usipoisikia besi, usikimbilie kupandisha sauti za chini. Pandisha kidogo karibu na hezi 700 hadi 800, hapo noti inapata sura, na punguza kwenye 200 hadi 250 ambako matope hukaa. Sauti hiyo peke yake itaonekana mbaya. Ndani ya bendi utaishukuru.

Hatua ya 7: Masikio hayana spea

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Maana yake kwenye 94 una saa moja, kwenye 100 una dakika 15. Mkesha huchukua saa ngapi? Weka limita (kizuizi cha sauti isizidi kiwango) kwenye njia yako ya kutokea, mikisa za kidijitali zinayo. Programu za simu za kupima kelele hazipimi kilichomo ndani ya sikio, kwa hiyo tumia hii: ibada ikiisha masikio yakilia "nziii", ulizidisha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nina iyafoni zangu za Bluetooth nzuri sana, bei kali. Siwezi kuzitumia?*

Hapana kaka. Bluetooth ya kawaida inachelewa milisekunde 100 na zaidi. Sauti hewani inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ni kama amplifaya yako iko mita 34 nyuma yako. Utapiga noti, utaisikia mpiga drams akiwa ameshahama.

*Natoa upande mmoja ili nisikie waumini. Nakosea?*

Wote tulianza hivyo. Sikio lililo wazi linapigwa na kelele za jukwaa, na lililozibwa unalipandishia sauti ili lishindane nazo. Unaumiza yote mawili. Mwambie fundi aweke maiki moja mbele ya jukwaa, ielekee watu, aiingize kwenye monita tu, isiende kwenye spika kubwa. Mkiipata hiyo utavaa pande zote bila kulazimishwa.

*Mikisa yetu ina oksi moja, na ni ya waimbaji. Nifanyeje?*

Tafuta mikisa ndogo ya njia nne yenye tundu la hedifoni, ikae pembeni yako. Njia ya kwanza iingize besi yako, njia ya pili iingize ile oksi ya waimbaji. Unajipandishia besi mwenyewe. Angalizo: usichukue besi kwenye tundu la kupitisha la DI ya kawaida ukaipeleka kwenye mlango wa laini, utazivuta chini pikapu na huko kwenye spika kubwa besi itafifia. Tumia pedali ya besi yenye njia mbili za kutokea, moja iende kwenye mikisa kuu, nyingine kwako.

*Napiga taarab, naimba na vibwagizo. Nikivaa najisikia nazungumza ndani ya mtungi.*

Hiyo ni kawaida, dada yangu. Sikio likizibwa, sauti yako inapita kwenye mifupa ya kichwa na kunaswa mle ndani. Ongeza maiki yako mwenyewe kwenye monita kuliko unavyodhani, na iyafoni iingie ndani zaidi kidogo. Wanaopimiwa zenye tundu refu hupata nafuu.

*Jenereta ikiwashwa tu, masikioni "mmmmm" mwanzo mwisho.*

Umeme wetu ni hezi 50. G ya chini ya besi, freti ya tatu waya wa E, ni 49. Ndiyo maana mvumo huo unajificha kwenye noti zako na fundi hausikii, wewe unausikia. Gusa nyuzi kwa kiganja: ukipungua, tatizo ni besi yenyewe au pikapu. Usipobadilika, bonyeza kile kitufe cha kukata ethi kwenye DI, mara nyingi unakufa hapo hapo. Chomeka mikisa na amplifaya kwenye chanzo kimoja. Na yule jamaa anayekata mguu wa tatu wa plagi mzuieni, huo ndio unaomlinda anayeshika nyuzi za chuma akiwa mbele ya maiki.

*Nimefanya yote, noti nasikia vizuri, ila mwili haupo. Besi haina kifua.*

Nilikuwa nasubiri swali hili. Noti unaisikia kwa sikio, ila uzito wa besi huja kwa miguu na kifua, na iyafoni haigusi huko. Kuna mabati ya kusimamia yanayotikisika kwa besi, lakini bei yake itakufanya uyaweke kando. Mimi nina amplifaya yangu ndogo ya zamani, nimeilaza chali nyuma yangu juu ya ubao wa jukwaa, sauti robo. Ubao unatetema, visigino vinapata habari. Fundi mitambo hajalalamika bado.