Somo: Malindi hadi Mambrui kwa baiskeli, na namna ya kuusoma upepo

Mwanachama mpya wa chama chetu cha baiskeli akiuliza njia ya kuanzia, swali lake la kwanza huwa kilomita. Kwetu Malindi kilomita si hoja. Mambrui iko kama kilomita 15 tu kaskazini ya mji, na barabara karibu yote ni tambarare. Mlima wetu ni upepo.

Nililijua hilo kwa jasho. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika, ikanisukuma mgongoni hadi Mambrui nikajiona bingwa. Kurudi ndiko kulikonifunza adabu. Kuna mama alikuwa na ndoo kichwani, mwendo wake wa pole. Nikampita, nikasimama kupumzika, akanipita, nikampita tena, akanipita tena. Mara ya tatu akacheka wazi. Mwisho nilimpa konda baiskeli akaipandisha juu ya matatu, ikafungwa pamoja na makuti.

Kwa hivyo tuanze na upepo.

Hatua ya 1: Chagua upande. Toka ukiukabili upepo, urudi ukikusukuma. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma, tangu Desemba hadi Machi, elekea Mambrui. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, geuza: nenda kusini, Gede na Watamu, kisha urudi mjini ukiwa kama umewekewa tanga. Katikati ya misimu hiyo, wakati wa matlai, nenda utakako.

Hatua ya 2: Kagua baiskeli usiku, si alfajiri. Tairi nyembamba mno hazifai hapa. Milimita 28 kwenda juu utashukuru. Pitisha kidole polepole kuzunguka tairi lote, maana mbigili hujichimbia ndani na kukungoja njiani. Beba tyubu moja, viraka, gundi, pampu na chupa mbili za maji. Basi, huhami nyumba.

Hatua ya 3: Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo upepo bado umelala na magari ni machache. Ukitoka mjini kushika njia ya Garsen, kaa ndani ya lami, usiparamie ukingo uliomegeka. Baadaye asubuhi utakutana na malori ya chumvi kutoka Gongoni na mabasi ya Lamu. Ukisikia lori nyuma na basi mbele, shuka barabarani usimame. Haki ya njia haishonwi hospitali.

Hatua ya 4: Daraja la Sabaki. Usisimame juu ya daraja kupiga picha. Vuka, tafuta nafasi pembeni, ndipo ugeuke utazame. Maji yana rangi ya chai ya maziwa mwaka mwingi. Ule ni udongo wa bara: mto Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu unaitwa Sabaki. Mvua zikinyesha huko juu, bahari ya mjini nayo hugeuka kahawia, wageni wakadhani imechafuka. Kwenye mashapo ya mlangoni, mto unapoingia baharini, hutua ndege wa kila namna, na ukibahatika utawakuta heroe wamesimama kwa mguu mmoja kama waliosahau walichofuata.

Viboko nao wapo, na mamba. Mtu asikudanganye kwamba kiboko ni mzito wa kukimbia. Usijiweke kati yake na maji, na usiteremke majanini asubuhi na mapema ati unatafuta picha nzuri. Wala usijaribu kuvuka mlango wa mto kwa kufuata ufuo, hata maji yakiwa yamekupwa.

Ng'ambo ya daraja barabara inainuka kidogo. Punguza gea mapema, usingoje mapaja yaanze kulalamika.

Hatua ya 5: Mambrui. Pinda kulia uingie mji wa kale. Mahamri na mbaazi kwanza, historia baadaye. Ukishiba, ulizia kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale walipata hapa Mambrui sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, iliyoanza 1403, na Malindi ndiyo ilipeleka twiga Uchina mwaka 1415. Mimi hupenda kufikiri yule twiga alivyopandishwa jahazini, halafu naacha kulalamika kuhusu kupandisha baiskeli kwenye matatu.

Hatua ya 6: Ukirudi, osha. Chumvi haingoji. Maji baridi, kitambaa kikavu, mafuta kidogo kwenye mnyororo. Mara moja niliingia na baiskeli mchangani pale Mambrui, mchanga ule unaometa kama dhahabu; nikalala bila kuosha. Asubuhi vile vimeto vilikuwa vimejipanga kila pingili ya mnyororo, na friwili imekwama kabisa.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Maweni: Shikamoo mwalimu. Mimi nina blakimamba ya babu, haina gea. Nitafika?

Marahaba mwanangu. Utafika, na huenda ukanipita. Kaza breki tu, na kwenye mwinuko wa Sabaki ukichoka shuka usukume.

Dada wa Shela: Mimi huvaa baibui. Linanasa kwenye mnyororo.

Dadangu, hapa nitamwachia mwenzako ajibu, anajua kuliko mimi.

Mwanachama wa Barani: Shoga, vaa suruali pana ndani, kisha kunja baibui upande wa kulia ulifunge kwa lastiki juu ya goti. Mnyororo uko kulia, upande wa kushoto hauna neno. Na umwambie fundi akutilie gadi ya mnyororo, usinunue baiskeli mpya kwa sababu hiyo.

Mzee wa Mambrui: Mwalimu, umesahau jambo. Vijana wenu huingia mitaani kwetu mbio, watoto wanacheza, hawasemi hata hodi.

Umenipata, mzee wangu. Naongeza kwenye hatua ya 5: ukiingia mitaani shuka, sukuma, salimia.

Mwanachama mpya: Nataka kuendesha ufuoni. Saa ngapi maji hupwa?

Tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, na maji hukauka sana kwenye saa nne asubuhi. Mchanga ulio mbichi na mgumu ndio wa kupita. Lakini soma tena hatua ya 6.

Kijana wa Maweni: Na nikitaka kuendelea moja kwa moja hadi Lamu?

Hapana, mwanangu. Ni zaidi ya kilomita 200 hadi Mokowe, na usalama wa njia baada ya Garsen si wa kuuchezea. Panda basi, baiskeli ikae buti, Mokowe uvuke kwa boti. Ukifika Amu, yaani mji wa Lamu, ifunge uani kwa mwenyeji wako: vichochoro vile ni vya punda, na punda hapishi mtu.