Kabla hujazivalisha herufi kitenge: mambo ya kuzingatia

Ukitaka kujaza picha ya kitenge ndani ya herufi za jina kwenye kompyuta, fonti iwe nene. Herufi nyembamba hazina nafasi ya kubeba ua la kitenge. Utapata madoadoa yasiyosomeka.

Kitenge cha soko la Kibuye kipige pasi, ukitandaze kivulini, kamera itazame chini moja kwa moja. Jua la Kisumu la saa saba halifai. Jalada la A4 la kuchapwa kwa dpi 300 (vidoti 300 kwa kila inchi) linataka pikseli 2480 kwa 3508. Picha ndogo haikui kwa kuvutwa. Bango la barabarani hutosheka na dpi 100 hivi, basi usijitese.

Tumia maski, yaani ficha sehemu ya picha bila kuifuta; usikate kwa kifutio. Mteja atabadilisha tahajia ya jina. Atabadilisha tu.

Sasa hili ndilo linalomaliza watu: picha ya kujazia herufi imetoka wapi? Ukiskani kalenda, gazeti au jalada la kitabu, unaskani vidoti. Rangi zilizochapwa ni vidoti vya wino vilivyopangwa safu, na mashine utakayochapia ina safu zake. Safu hizo zikipishana hutoa mawimbi ambayo pengine kwenye skrini huyaoni. Nilimshuhudia kijana mmoja hapa mjini akitengeneza programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba. Jina la marehemu alilijaza maua aliyoyaskani kwenye kalenda ya zamani, na kwenye kompyuta likampendeza kila mtu. Ijumaa jioni, nakala zote zimeshatoka na kubanwa pini, jina limejaa miraba kama wavu, herufi mbili hazitambuliki. Mwili ulikuwa umeshaondoka mochari kuelekea Siaya. Mjomba wa marehemu hakugombana. Alibeba maboksi, akauliza tu kama jina linaweza kuandikwa kwa kalamu.

Kwa hiyo skani kwa dpi 600 au zaidi, washa kichujio cha kuondoa vidoti kama skana yako inacho, tia picha ukungu kidogo, ndipo uishushe hadi 300. Mimi napenda njia fupi: paka wino kipande cha ubao, kigandamize kwenye karatasi nyeupe, skani hiyo. Haina vidoti, na si mali ya mtu mwingine, tofauti na ua la kiwanda cha vitenge.

Chapa nakala moja kwanza, mashine ileile, karatasi ileile. Mpe mtu mwingine alisome jina kwa sauti. Geuza rangi kuwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, mapema, la sivyo bluu yako kali itapoa. Hifadhi faili yenye leya (matabaka) zake, si JPEG peke yake. Na kazi ya mazishi usiipokee Ijumaa mchana, hata kama ni ya jirani.