Kuwalinda mbwa na paka msimu wa sikukuu, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia jirani hapa Tabata, ana mbwa wawili wa ulinzi na paka, nikaona niyaandike. Mimi ni daktari wa mifugo. Simu ninazopigiwa usiku wa tarehe 31 Desemba nyingi ni za mbwa aliyeruka ukuta.

1. Chanjo na mkanda

Chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa na wakati. Mkanda wa shingoni uandikwe namba yako ya simu.

2. Wageni

Watoto wa shangazi waliotoka mkoani hawamjui mbwa wako, naye hawajui. Afungiwe bandani kabla geti halijaanza kufunguliwa ovyo, ufunguo abaki nao mtu mmoja. Mtu akiumwa, hata na mbwa aliyechanjwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna kupaka pilipili wala mafuta ya taa.

3. Chakula

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali na kutoboa utumbo. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu, zabibu kavu za kwenye biriani huweza kuua figo za mbwa, na chokoleti ni sumu kwake. Waambie wageni mapema, maana mjomba mmoja mwenye huruma anatosha kuharibu kila kitu. Ndoo ya taka iwe na mfuniko wa kubana. Paka akionekana mgonjwa usimpe Panadol, hata nusu kidonge. Inaua.

4. Fataki

Hapa ndipo kazi ilipo. Mbwa husikia sauti nyembamba kuliko sisi, hadi takriban hezi 45,000 wakati binadamu huishia kwenye 20,000, na mlipuko haumpi dalili yoyote kabla ya kutokea.

Kama zimebaki wiki kadhaa, mzoeshe: cheza sauti ya fataki kwenye simu, chini kabisa, huku anakula dagaa. Ongeza kidogo kidogo. Akiacha kula, umeenda haraka, rudi nyuma. Kama zimebaki siku mbili, achana na zoezi hili, utamtisha bure.

Mbwa wetu wengi hufungiwa mchana na kuachiliwa usiku. Usiku huu geuza utaratibu. Mtembeze mchana, mlishe jioni mapema, na kabla ya magharibi awe ndani: stoo, korido au bafu, palipo mbali na barabara. Ziba dirisha kwa blanketi, weka maji na kitambaa chenye harufu yako. Washa feni na redio ya betri, kwa sababu umeme ukikatika saa 6 usiku kimya kitakuja kwa wakati mbaya. Subufa sikubaliani nayo, hiyo ni fataki nyingine.

Mnyororo usitumie kabisa. Mbwa mwenye hofu huruka ukuta na kuning'inia shingo.

Kuna wanaosema ukimbembeleza unamfundisha woga. Si kweli, hofu haikui kwa sababu umemshika. Akija kwako, kaa naye. Akijificha chini ya kitanda, mwache huko huko. Paka yeye mpe boksi juu ya kabati na usimtoe.

Dawa: pombe hapana, dawa zako za usingizi hapana. Asepromazini, ambayo baadhi ya watu huiomba kwa jina, humlegeza mwili huku akili ikiendelea kuogopa. Naipinga ikitumika peke yake. Zipo zinazopunguza hofu yenyewe. Muone daktari wiki moja kabla, na dozi ya kwanza ijaribiwe siku tulivu.

5. Asubuhi

Okota mabaki ya fataki uani kabla hujamfungulia, yana kemikali na mbwa huyatafuna. Akiwa ametoroka, anza na mitaro, chini ya magari na majumba ya jirani ambayo hayajaisha kujengwa. Usimkimbize ukimwona. Chuchumaa, mpe ubavu, umwite kwa sauti ya kila siku.