Kuandaa data ya bodi kabla ya kupanga mashine ya kupachika komponenti

Kazi yangu ni kupanga programu za mashine za kupachika komponenti kwenye bodi za saketi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya mbali na mashine, nikiwa mbele ya lahajedwali. Mashine haina akili ya kukushangaa. Ukiiambia iweke IC (chipu) ya miguu 48 nusu sentimita kando ya padi zake, yaani vipande vya shaba vinavyopokea miguu, itaiweka hapo hapo, kwa usahihi wa kupendeza, kisha itarudia kosa lile lile kwenye kila bodi inayofuata. Kwa hiyo mimi husafisha data kwanza, hata kama mwenye kazi amesimama mlangoni anaangalia saa.

Anza kwa kudai faili kamili: faili ya viwianishi, yaani mahali pa kila komponenti, orodha ya komponenti, ile tunayoiita BOM, na faili za Gerber, yaani michoro ya tabaka za bodi, hasa tabaka za shaba, za maandishi na za solda ya stensili. Ukipewa faili ya muundo wa ODB++ au IPC-2581 shukuru, kwa kuwa karibu kila kitu kimo humo ndani. Wasanifu wengine hutuma PDF ya orodha. PDF ni picha ya data, si data, irudishe. Hakikisha pia kwamba faili zote zimetoka kwenye toleo moja la bodi. BOM ya toleo B na viwianishi vya toleo C vitaonekana kukubaliana hadi utakapofika kwenye ile rezista iliyohamishwa.

Faili ya viwianishi ina safu chache tu: jina la komponenti, X, Y, pembe, upande, na mara nyingi thamani na umbo, yaani aina ya ganda lake. Chukua mstari huu:

U7, 41.275, 22.860, 270, Top

Hizo ni milimita. Kama msanifu alitoa faili kwa mil, mstari huo huo ungesomeka 1625 na 900, kwa kuwa mil moja ni milimita 0.0254. Usitegemee kichwa cha faili kikwambie. Tazama namba kubwa kuliko zote kwenye safu ya X uilinganishe na upana wa bodi: bodi ya milimita 80 haiwezi kuwa na komponenti kwenye 3000.

Kisha tafuta sifuri iko wapi. Mimi huitaka kwenye kona ya chini kushoto ya bodi, lakini programu ya usanifu inaweza kuiweka kwenye kona ya karatasi ya kuchorea, mbali kabisa na bodi. Kwenye programu ya usanifu ya KiCad, kwa mfano, lazima msanifu aweke mwenyewe nukta ya kuanzia, kisha achague itumike wakati wa kutoa faili. Ukikuta Y zote ni hasi, hiyo ndiyo dalili. Dawa si ngumu: chagua alama moja unayoiona waziwazi kwenye Gerber, pata tofauti yake na faili, uitoe kwenye mistari yote.

Upande wa chini una fitina yake. Mashine huutazama ukiwa umegeuzwa, ilhali programu nyingi za usanifu hutoa namba kana kwamba unachungulia kupitia bodi kutoka juu. Kwenye bodi ya upana wa milimita 80, komponenti iliyoandikwa X 12 itakuwa kwenye 68 bodi ikigeuzwa. Programu nyingine hugeuza X zenyewe, nyingine huiandika kwa alama ya kutoa, nyingine hugeuza na pembe pia. Usikisie. Chagua komponenti moja iliyo karibu na ukingo, uifuate kwenye Gerber hadi ujue faili yako ni ya aina gani.

Angalia pia kama X na Y zinaelekeza kwenye kitovu cha komponenti. Kwa rezista na kapasita hilo halina shida. Shida huwa kwenye konekta, kwa kuwa wachoraji wengine huweka kitovu kwenye pini ya kwanza. Konekta ya pini 10 kwa mstari mmoja, zikiachana milimita 2, itakuwa imekosewa kwa milimita 9 kamili. Nozeli, ncha ya mashine inayobeba komponenti, hushika katikati, haishiki pini ya kwanza.

Sasa pembe, na hapa ndipo muda wangu mwingi unapoishia. Pembe ya 270 haina maana yoyote mpaka ujue 0 ilikuwa inatazama wapi. Kila umbo kwenye maktaba ya msanifu lina namna lilivyochorwa: huyu aliweka pini ya kwanza juu kushoto, yule chini kushoto, na wote wawili wana kiwango cha kuwatetea. Rili, gurudumu la mkanda wenye komponenti, nayo ina mwelekeo wake wa komponenti ndani ya mkanda. Juu ya hayo, ongeza kwamba programu ya usanifu kwa kawaida huhesabu pembe kinyume cha saa, na mashine yako huenda inahesabu kwa mwendo wa saa. Mambo hayo yakikutana, digrii 90 za ziada si ajabu.

Kanuni ninayoifuata ni kurekebisha umbo, si mstari. Kama SOT-23 (umbo dogo la transista la miguu mitatu) zote za msanifu huyu zimekaa digrii 180 tofauti na maktaba yangu, naandika nyongeza ya 180 mara moja kwa umbo hilo, na transista zote zinanyooka. Ukianza kurekebisha Q1, halafu Q2, halafu Q3, toleo jipya la bodi likija utaanza upya.

LED na diodi zisomee karatasi ya mtengenezaji, moja baada ya nyingine. Alama ya kijani mgongoni mwa LED kwa mtengenezaji mmoja ni katodi (hasi), kwa mwingine ni anodi (chanya). Na kapasita zina mtego wake: mstari kwenye kapasita ya tantali unaonyesha chanya, mstari kwenye ile ya alumini ya elektroliti unaonyesha hasi. Kamera ya mashine itakubali zote mbili bila kelele.

Kuhusu BOM, adui ni lahajedwali yenyewe. Ukifungua faili kwa kuibofya tu, umbo 0402, namba ya ukubwa wa komponenti, linageuka 402, na komponenti iliyopewa jina DEC1 inageuka tarehe. Ingiza safu zote kama maandishi. Herufi µ mara nyingi huharibika faili inapohama kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwa hiyo andika 10uF. Panua mafungu: R1-R8 iwe mistari minane. Kisha linganisha thamani, kwa kuwa 100n, 100nF na 0.1uF kwa mashine ni vitu vitatu, na itakuomba fida (kifaa cha kulisha mashine komponenti) tatu kwa kapasita moja. Mimi hutumia namba ya mtengenezaji kama ufunguo na kuiacha thamani iwe ya kusomwa na binadamu.

Jihadhari na majina ya maumbo yanayofanana. 0402 ya inchi ni milimita 1.0 kwa 0.5, 0402 ya metriki ni milimita 0.4 kwa 0.2, kidude ambacho kwa inchi kinaitwa 01005. Swali moja kwa msanifu linatosha, nalo ni nafuu kuliko rili ya ukubwa usio sahihi.

Komponenti zisizopachikwa, zile zilizoandikwa DNP, usizifute. Ziwekee alama ya kurukwa. Wasanifu hubadilisha mawazo. Baada ya hapo hesabu: mistari ya viwianishi, ukitoa DNP na zile za kupenyeza miguu kwenye matundu, ilingane na BOM. Isipolingana, usiendelee.

Alama za kulenga, zile ambazo kamera ya mashine huzitumia kujua bodi imekaa wapi, husahaulika kwa sababu hazimo kwenye BOM, na programu nyingi huziacha nje ya faili. Zitafute kwenye Gerber: duara la shaba, kwa kawaida la kipenyo cha milimita 1, lenye nafasi tupu kulizunguka. Viwianishi vyake vipimwe kutoka sifuri ile ile ya komponenti. Mbili zilizo mbali kwa ulalo zinatosha kusahihisha bodi iliyosogea au kuzunguka kidogo. Ya tatu husaidia bodi ikiwa imevutika zaidi upande mmoja. Napenda zisiwe na ulinganifu, ili bodi iliyoingizwa kinyume ikataliwe na kamera.

Kama bodi ziko kwenye paneli, andaa bodi moja tu kisha uirudie kwa hatua. Bodi za milimita 80 zilizotenganishwa kwa mkato wa V zina hatua ya 80. Zikiwa na mfereji wa milimita 2 katikati, hatua ni 82. Kumbuka ukingo wa paneli: reli ya milimita 5 kushoto inasogeza kila kitu kwa 5. Na uliza kama kuna bodi zilizogeuzwa digrii 180 ili kubana nafasi.

Mpangilio wa fida na nani apachikwe kwanza, iachie programu ya mashine, ila hakikisha urefu wa kila komponenti umeandikwa, ndefu zije mwisho.

Kabla ya kupaka solda, bandika utepe wa gundi pande mbili juu ya bodi tupu uiache mashine ipachike. Usitazame kila kitu kwa pamoja. Angalia kwanza komponenti ndogo kwenye kona nne, kisha IC yenye miguu ya karibu zaidi, kisha kila chenye chanya na hasi ukiwa na mchoro mkononi. Kona mbili zikiwa sawa na mbili zimesogea, rudi kwenye alama za kulenga. Zote zikisogea kiasi kile kile, rudi kwenye sifuri. IC ikiwa mahali pake lakini imelala vibaya, rekebisha umbo kwenye maktaba, toa programu upya, na uihifadhi kwa jina lenye toleo la bodi pamoja na upande.