Namna ya kusoma fantasia ukiwa mtu mzima: maelekezo ya mkaguzi wa hesabu

Nimekuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka 24. Kazi yangu ni kutoamini kitu mpaka nione stakabadhi yake. Ndiyo maana wanaonifahamu hushangaa wakikuta kitabu chenye joka kwenye jalada ndani ya mkoba wangu, kati ya kikokotoo na faili la vocha. Swali huwa lile lile: mtu wa umri wako anasoma hadithi za majoka? Nasoma. Ndizo fantasia, hadithi za dunia za kubuni zenye majoka na nguvu za ajabu, na nimejifunza jinsi ya kuzisoma. Maelekezo haya ni ya mtu mzima anayetaka kujaribu ila anaona haya, au aliyejaribu mara moja, akakwama kwenye majina ya ajabu ya ukurasa wa kwanza, akakiweka kitabu chini.

Mimi niliingizwa humu na Mama. Alikuwa mwalimu, na alipofika miaka 73 macho yalimwishia, akaniomba niwe namsomea jioni. Nikamletea riwaya nilizodhani zinamfaa mtu wa rika lake: ndoa, mirathi, magonjwa. Jioni ya nne akanishika mkono. "Mwanangu, haya nimeyaishi. Nisomee mahali ambapo sijafika." Kilichokuwa karibu ni kitabu alichokisahau mpwa wangu, A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968. Nikaanza kumsomea huku nikimtafsiria papo hapo.

Anza na ulichokwisha kusoma

Kama ulisoma fasihi ya Kiswahili shuleni, huenda fantasia si ngeni kwako, ila hukuambiwa kwamba ndiyo hiyo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, inatokea katika nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria, na utetezi wake mahakamani ni kuwakumbusha wasikilizaji wajumbe waliotumwa nje wakarudi na manufaa, wakaadhibiwa badala ya kushukuriwa. Irudie sasa, ukikumbuka kwamba aliyeiandika alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Utaona kwa nini kesi kama ile ilifaa kupandishwa mawinguni ndipo iweze kusemwa.

Kisha chukua Adili na Nduguze. Utotoni tulikumbuka manyani tu. Mtu mzima anakumbana na kitu kingine: mtu ambaye ndugu zake walimtendea ubaya, wamegeuzwa manyani, na yeye amelazimishwa kuwachapa kila usiku ilhali bado anawapenda. Ukiwa umewahi kugombana na nduguyo kwa ajili ya mali, huwezi kusoma kurasa zile kama hadithi ya watoto. Vitabu hivi viwili ni vyembamba, havina ramani wala orodha ya wafalme, na lugha yake ni ya kutamkwa kwa sauti. Ni mwanzo mzuri kuliko kujitwisha kitabu cha kurasa 900.

Kagua gharama ya sihiri

Nasema sihiri kwa makusudi. Neno uchawi katika Kiswahili limebeba madhara ndani yake. Mtu akilisikia tu, anatafuta aliyerogwa. Nguvu iliyomo katika fantasia haina wema wala ubaya mpaka mtu aishike, na kila anapoishika kuna kinacholipwa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kitabu chochote cha aina hii ni la kikazi: nani analipa?

Katika Earthsea, wanafunzi wa sihiri hufundishwa kwanza kuiogopa mizani ya dunia. Mvua ukiivuta upande huu, yaweza kuwa ukame upande mwingine. Kijana Ged ana kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi. Ili amwonyeshe mwenzake kwamba anamzidi, anaita roho ya mfu, dunia inapasuka, na kwenye ule mpasuko kinatoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa chuo anaufunga mpasuko na kufa kwa nguvu alizotumia. Niliposoma hapo nilitulia kidogo, maana niliyaona maingizo mawili kwenye leja, kila moja upande wake: upande mmoja sekunde chache za majivuno, upande wa pili uhai wa mzee. Tangu hapo kitabu kizima ni kazi ya kusawazisha.

Fantasia mbovu utaitambua hapo hapo. Shujaa amebanwa, ghafla linajitokeza pete au neno au damu ya kifalme ambayo haikutajwa kabla, tatizo linakwisha, na hakuna aliyepungukiwa chochote. Hesabu ya upande mmoja. Ukikuta hivyo mara moja, msamehe mwandishi. Mara ya tatu, funga kitabu bila kujilaumu. Mimi najipa kurasa 60, kisha naamua.

Gharama si lazima iwe damu. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa J.R.R. Tolkien, na asiyetaka kujua mwisho wa The Lord of the Rings airuke aya hii. Katika The Hobbit ya mwaka 1937, Bilbo ana nafasi ya kumuua gizani Gollum, kiumbe aliyepoteza pete yenye nguvu za ajabu ambayo Bilbo ameiokota, anamhurumia, anamwacha. Katika kitabu kikubwa kilichotoka kati ya 1954 na 1955, Frodo, mrithi wa Bilbo, anabeba pete ile ile, ambayo ni lazima iteketezwe, njia nzima mpaka kwenye moto, na pale pale mwishoni anashindwa kuitupa. Anashindwa kabisa. Kinachookoa dunia ni kwamba Gollum bado yu hai, anainyakua pete, anaanguka nayo. Huruma iliyoandikwa kwenye ukurasa wa zamani ndiyo inayolipa deni ambalo ushujaa haukuweza kulilipa. Na Frodo akirudi kwao hapati tena utulivu. Kidonda hakiponi, anaondoka. Sijui mtoto atafanya nini na mwisho kama ule. Mimi ulinikalisha kitandani mpaka alfajiri.

Majina, ramani na kadi moja

Usikariri ramani. Ruka pia utangulizi wa historia ya miaka elfu moja. Kama ni muhimu, hadithi yenyewe itaurudia.

Chukua kadi ngumu moja, iwe ndiyo ya kuwekea alama ukurasa. Ichore safu tatu: jina, anataka nini, anadaiwa nini. Andika majina saba tu. Mwandishi akikumiminia ishirini kwa mkupuo, waache wapite, wenye maana watarudi. Safu ya tatu ndiyo ya kuishughulikia. Mhusika ambaye hadaiwi kitu na mtu yeyote mpaka katikati ya kitabu, kwa kawaida yupo kupamba tu.

Njia ya pili niliifundishwa na upofu wa Mama. Baada ya kurasa kumi, funga kitabu uzisimulie kwa maneno yako mwenyewe, kwa mtu au kwa sauti ukiwa peke yako. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maandishi mazuri yanavuka lugha bila kumwagika, na kwamba aya nyingine zilizokuwa ziking'aa kwa Kiingereza zilikuwa na vumbi la dhahabu tu. Nikizisimulia hapakuwa na tukio ndani yake. Mama alikuwa akisema, "Endelea," nami nikawa sina cha kuendeleza.

Kuhusu mifululizo, neno moja: chagua kitabu cha kwanza kinachoweza kusimama peke yake. George R.R. Martin alianza mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire mwaka 1996, cha tano kikatoka 2011, na zaidi ya miaka kumi baadaye wasomaji walikuwa bado wanangoja cha sita. Ukiingia humo, ingia ukijua.

Watakaposema unakimbia maisha

Watasema. Tolkien aliijibu hoja hii mwaka 1939 katika mhadhara aliotoa chuo kikuu cha St Andrews, Uskoti: tusimchanganye mfungwa anayetoroka gereza na askari anayetoroka vita. Aliyasema hayo mtu aliyekuwa kwenye mahandaki ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo vita alivijua.

Hata hivyo naikubali nusu ya lawama. Kuna kusoma ambako ni kukimbia kweli, na kipimo nilichonacho nimekipata kwa aibu. Wakati namsomea Mama kile kitabu cha kwanza, nilikuwa nimeshasaini ripoti ya ukaguzi wa mali ghalani, na katika maghala matano nilikuwa nimehesabu manne. La tano niliandika tarakimu nilizopewa, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia nami nimechoka. Miezi minane nilikaa na jambo hilo. Kila simu ya ofisini ilinishtua.

Tukafika mahali Ged amekimbia kivuli chake nchi baada ya nchi, amechakaa, na mwalimu wake wa kwanza, Ogion, anamwambia ageuke: mwindwaji awe mwindaji. Kabla sijatafsiri, Mama alikuwa ameshasema, "Ageuke tu huyo mtoto, atakimbia mpaka lini?" Sauti yangu ilikatika. Hakuniuliza kitu. Tuliishia hapo usiku ule, na asubuhi nikaandika barua kwa mkuu wangu nikaeleza ghala la tano. Nilipewa onyo la maandishi na nafasi niliyokuwa naitarajia akapewa mwingine. Walikuwa na haki. Tulirudi ghalani tukahesabu upya, nikasaini kwa jina langu.

Kwa hiyo ukifunga kitabu jiulize: kuna jambo nililokuwa silitazami, na sasa naweza kulitazama? Halitakuwepo kila jioni, na jioni nyingine raha tupu inatosha. Lakini likiwa halipo mwaka mzima, badilisha vitabu.

Usisome riwaya ya kawaida juu ya deni lako ukitegemea ikufanyie kazi hii. Niliwahi kusoma moja iliyohusu karani mwongo. Nilitumia kurasa zote kutafuta tofauti kati yake na mimi, nikazipata nyingi. Kivuli kisicho na uso hakikunipa nafasi hiyo.

Soma na mtu

Mtu mzima mwenzako, akiwezekana. Kurasa nane hadi kumi kwa jioni, kwa sauti, na asiyesoma aruhusiwe kukatiza. Mpango wetu ni kwamba Mama akisema "rudia", narudia bila kuuliza kwa nini.

Sasa ana miaka 79. Tuko kwenye kitabu cha tatu cha Earthsea, The Farthest Shore, cha mwaka 1972, ambamo kuna mtu aliyekataa kufa, na kwa sababu hiyo dunia yote inaishiwa rangi na nyimbo. Katika dunia ile, mpaka kati ya walio hai na waliokufa ni ukuta mfupi wa mawe, mtu anaweza kuuvuka kwa hatua moja. Juzi tuliufikia. Nilikuwa nimebakisha nusu ukurasa. Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata ile kadi juu ya meza, akanipa niiweke hapo.