Jinsi ya kuingiza kazi ya kijijini ndani ya somo la uhasibu chuoni

Nafundisha uhasibu, na somo langu la mwaka wa pili hufanyika nusu darasani, nusu kwenye ofisi ya jumuiya ya watumia maji kijijini. Naeleza ninavyolipanga, kwa mhadhiri mwenzangu anayetaka kujaribu.

Hatua ya 1: Tangulia mwenyewe kijijini

Nenda mwezi mmoja au miwili kabla ya muhula, kabla hata hujaandika mpango wa somo. Keti na mwenyekiti na mweka hazina, uliza kazi gani ya vitabu inawashinda. Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Nilipeleka wanafunzi wiki ya tisa na madodoso mikononi. Wakauliza, wakaandika, tukaondoka. Niliporudi, mama mmoja wa kamati akaniambia: "Mwalimu, majibu yetu mlichukua. Maswali yetu je?" Niliona aibu, na tangu siku hiyo maswali yao ndiyo yanayotangulia.

Hatua ya 2: Vibali

Barua ya chuo iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Muhula wa wiki 15 hauna nafasi ya kusubiri saini.

Hatua ya 3: Chagua swali moja linalobeba mada zako

Swali la kamati likiwa "mbona maji yanatoka lakini hela haionekani?", mtaala wako wote umo humo. Wanafunzi wasome dira (mita ya maji) ya tangini na dira za vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, siku ileile, kisha warudie baada ya mwezi. Tuseme tangini zimetoka uniti 600, vilula vyote vimeuza 450. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo zilizopotea ni lita 150,000, yaani ndoo 7,500 za lita 20. Hapo ndipo waulizane: ni bomba linalovuja, dira mbovu, au maji yaliyouzwa bila stakabadhi? Ulinganisho wa hesabu, udhibiti wa ndani, wadaiwa: mada ambazo darasani huwasinzisha, hapa wanazibishania hadi kwenye basi la kurudi.

Majina ya kaya zinazodaiwa yasipigwe picha wala kutumwa kwenye makundi ya simu. Kila kaya ipeni namba badala ya jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na heshima ya watu ilikuwepo kabla yake.

Hatua ya 4: Ondoa kazi nyingine, kisha toa alama

Kazi hii ichukue nafasi ya jaribio moja na insha moja, isiongezwe juu yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Huwa naikumbuka habari hiyo ninapopanga alama: huduma ikija kama mzigo wa ziada, kijana ataipokea kama adhabu. Wala usipime saa alizokaa kijijini. Pima hesabu zake, na shajara fupi ya kila wiki: nimeona nini, kinahusiana na mada ipi, nilikosea wapi.

Hatua ya 5: Rudisha matokeo mkutanoni

Hatua hii naipenda kuliko zote. Chuoni tunafundisha kwa Kiingereza. Kijijini mwanafunzi asimame chini ya mwembe aeleze kwa Kiswahili kwa nini hela iliyo kwenye kitabu si hela iliyo kwenye sanduku. Wengi hugundua hapo kwamba walikariri tu. Fanyeni mazoezi darasani kwanza, tena na mtu asiyesoma uhasibu.

Hatua ya 6: Kabidhi kalamu

Wiki ya mwisho, mweka hazina afunge hesabu za mwezi yeye mwenyewe, wanafunzi wakiwa wamekaa pembeni. Akikwama wanamwelekeza kwa mdomo, bila kugusa kitabu. Kitabu kinabaki kwake.